Pete ya Askofu Adalgari

Soksi za Talib Matar zilikuwa zimelowa tangu asubuhi, na mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa bado anamweleza habari za mapapa.

Ilikuwa Februari ya 1979, na London ilikuwa na migomo kila upande. Wazoa taka walikuwa wamegoma, mifuko myeusi imerundikana mpaka kwenye ngazi za chuo, na Talib alikuwa amekanyaga dimbwi lililovuja chini ya mmojawapo alipokuwa akitafuta mlango. Kazi yake siku hizi ilikuwa kuichunguzia kampuni ya bima madai ya wateja wake: nani kaibiwa kweli, nani kajiibia. Zamani, Unguja, alikuwa inspekta wa polisi. Yalipokuja Mapinduzi wakubwa wapya walimwambia aendelee na kazi, halafu wakamtia ndani, halafu wakamtoa, na kote huko hakuna aliyemwambia kosa lake. Tangu hapo alikuwa ameacha kungojea maelezo. Alichokuwa anangojea sasa ni kikombe cha chai, na Bi Hartley hakuonyesha dalili ya kukileta.

Bi Hartley alikuwa mtunzaji wa hazina ya chuo. Alifungua kisanduku cha mbao, akakisukuma mbele. Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe la buluu, inawaka kama ya biharusi.

"Pana sana hii," Talib alisema. "Vidole viwili vinaingia."

"Maaskofu waliivaa juu ya glavu. Unajua pete ya askofu ilikuwa na maana gani zama zile?"

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

"Ilikuwa vita, Bwana Matar. Henri wa Nne, mfalme wa Wajerumani, aliyekuja kuwa Kaisari, alikuwa akiwapa maaskofu pete na fimbo kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu maaskofu walikuwa na ardhi na askari. Papa Gregori wa Saba akasema mkono wa mfalme hauna haki hiyo. Mfalme akatangaza kwamba Papa si Papa tena. Papa akamfukuza mfalme kanisani. Watu wakauana miaka na miaka."

"Kwa ajili ya pete."

"Kwa ajili ya nani aitoe."

Talib alitikisa kichwa. Alikotoka yeye, watu walikuwa wameuana kwa sababu zisizozidi hizo. "Na huyu askofu wenu?"

"Adalgari. Pete alipewa na mfalme. Kisha akavuka milima ya Alpi kwenye theluji, akaiweka miguuni pa Papa, na Papa akamrudishia kwa mkono wake. Pete ileile, imetolewa mara mbili. Baada ya hapo akawa mjumbe baina yao, na mwisho kila upande ukamwita msaliti. Profesa Douglas amemwandikia Adalgari maisha yake yote. Anashikilia kwamba hakusaliti mtu."

"Kwa hiyo alifanya nini?"

"Profesa angekujibu vizuri zaidi yangu, kama angeweza kusema."

Hapo ndipo walipofikia shida yenyewe. Profesa Douglas, mzee mjane wa Stanmore, alikuwa ameruhusiwa na chuo akae na pete nyumbani mwake wakati anamalizia kitabu chake. Sharti lilikuwa moja: isivaliwe. Kisha kiharusi kikampiga, kikamlaza upande wa kulia na kumfunga ulimi. Bi Hartley alikwenda kuichukua mali ya chuo, akaikuta mezani kwa Profesa, ndani ya mtoto wa meza uliofungwa kwa ufunguo. Mwenye ufunguo wa pili alikuwa mmoja tu, mhudumu wake wa nyumbani.

"Bi Mardhiya," Talib alisema; jina hilo alikuwa amelisoma kwenye jalada la bima.

"Huyo. Tumemuuliza, hasemi. Sasa tazama." Bi Hartley aliweka picha ya zamani kando ya kisanduku. Katika picha pete ilikuwa nzito na ya kiza, na uchafu mweusi umeganda kuzunguka jiwe. "Ya kwetu ni hii ya pichani. Hiyo nyingine imetengenezwa mwezi uliopita. Hata vijino vinavyoshika jiwe, vitatu vimechakaa na kimoja ni kipya. Aliyeighushi hakujali hata kuvilinganisha."

Talib aliinua pete, akaizungusha dirishani. Ilikuwa kweli. Lakini mtu wa kughushi anayeweza kuchakaza vijino vitatu, mbona asichakaze na cha nne? Aliuliza tu, "Uliikuta imefungwa ndani ya nini?"

"Karatasi." Aliivuta kutoka bahasha moja. Ilikuwa karatasi nyembamba, laini, ya rangi ya waridi iliyokoza, haina hata herufi moja. "Ina umuhimu?"

"Sijui," Talib alisema, akaitia mfukoni. Alikuwa anajua. Karatasi ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akiifungua mama yake kila alipotoka kwa sonara wa Kihindi, mtaani Mkunazini, Unguja.

"Kesho asubuhi nawaita polisi," Bi Hartley alisema. "Nimengoja vya kutosha."

*

Lifti ya jengo la nyumba za kupangisha za kaunsili, Tottenham, ilikuwa mbovu. Talib alipanda ngazi pole pole, anapumzika kila ghorofa na kujilaani kwa sigara.

Bi Mardhiya alimfungulia kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa mwanamke wa Pemba, mfupi, mnene kidogo, umri wa kuitwa bibi na bado hajazoea kuitwa hivyo. Mumewe alikuwa amefia Dubai. Alikuwa na binti mmoja, Ummukulthum, anayeolewa mwisho wa mwezi, na maombi ya uraia yaliyokuwa yamelala serikalini tangu mwaka juzi. Polisi wakifungua jalada kwa jina lake, maombi hayo yasingeamka tena, na hakuna ofisi ya wahudumu ambayo ingempa tena ufunguo wa nyumba ya mgonjwa. Talib aliyajua yote hayo. Na yeye alijua kwamba Talib anayajua.

Chai ilikuja bila kuombwa, ya tangawizi, na sahani ya visheti. Talib alikunywa nusu kikombe kwa mkupuo mmoja, akaona haya.

"Maskini, umepigwa na baridi," Bi Mardhiya alisema. "Vua viatu hivyo, weka soksi kwenye hita."

"Bi Mardhiya, mimi si polisi."

"Ulikuwa."

"Zamani hizo."

"Polisi ni kama ndui, bwana'ngu. Mtu hupoa, alama zikabaki." Alichukua sindano zake za kufumia, akaendelea na kazi aliyoiacha kitini. Ilikuwa glavu ya sufu ya kijani, ya mkono wa kushoto, imefika kwenye kidole gumba. "Uliza unachouliza."

"Pete ya Profesa ilitoka nyumbani ikarudi?"

"Muulize mwenyewe."

"Mwenyewe hasemi. Unajua hasemi."

"Basi ngoja aseme."

"Kesho wanawaita polisi!"

Sindano zilisimama, kisha zikaendelea. "Mimi kwa yule mzee miaka yote hiyo nilikuwa namwosha, namlisha, naye ananisomea habari za huyo askofu wake. Nimemjua yule askofu kuliko ninavyowajua jirani zangu. Mfalme anamwambia siri zake, Papa anamwambia siri zake. Huku wanamwita mbwa wa Papa, huku wanamwita mtumwa wa mfalme. Angelifungua mdomo mara moja tu, akasema fulani kaniambia hivi, angelisalimika. Hakusema. Kavuliwa uaskofu, katupwa kwenye nyumba ya watawa, kafa, hakusema." Alivuta uzi. "Kafiri yule, lakini amana aliijua."

"Wewe umepewa amana gani?"

"Kula visheti, bwana."

Talib alikula kisheti. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na mawaziri, na hakuna hata mmoja aliyemchosha namna hii. Macho yake yakazunguka chumba bila kutafuta kitu, yakatua kabatini. Juu yake palikuwa na bangili sita za dhahabu, mpya, zimelala juu ya karatasi nyembamba ya waridi.

Pete imetoka, bangili zimeingia. Hesabu hiyo hata Bi Hartley angeweza kuipiga.

"Hizo zimetoka wapi?"

Bi Mardhiya aliinuka akazifunika kwa kanga. Aliyejibu ni Ummukulthum, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kazini.

"Kenton, uncle. Kwa Mansukh. Everybody goes to Mansukh."

"Ummu!"

"Mama, please. Mwambie tu." Msichana alikuwa karibu kulia. "She won't tell even me."

Bi Mardhiya alikaa tena. Uzi wa kijani sasa ulikuwa umemponyoka sindanoni. Talib alivaa soksi zake, zikiwa bado na unyevu, akashukuru kwa chai. Alijisikia vibaya, na si kwa sababu ya ngazi.

*

Duka la Mansukh lilikuwa baina ya duka la mchele na duka la masanduku ya safari. Mansukh mwenyewe alikuwa mzee wa kofia ya sufu na miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kipajini. Unguja alikuwa na duka Mkunazini; yalipokuja Mapinduzi akaliacha na mlango wazi.

"Inspekta!" alisema. "Umezeeka, bhai. Nani kafa?"

"Hakuna bado. Nataka kuuliza habari ya bangili sita."

"Za nani?"

"Za Bi Mardhiya."

Mansukh alishusha miwani ya pili. "Sonara hasemi habari za mteja."

"Na mimi leo sijakutana na mtu anayesema habari za yeyote. Mansukh, mama huyu kesho anafungwa. Niambie tu, zile bangili dhahabu yake ilitoka wapi?"

"Mikufu ya mama yake marehemu," Mansukh alisema. "Ile mizito ya Pemba. Nimeiyeyusha mimi hapa hapa, naye kakaa kiti hicho analia. Nani anasema vingine?"

Talib alivuta pumzi. Kwa hiyo njia ile ilikuwa imeishia ukutani, na alifurahi kuiona inaishia. Alitoa mfukoni karatasi ya waridi, akainyoosha juu ya kioo cha kaunta. "Na ndani ya hii uliweka nini? Pete kubwa. Jiwe la buluu."

"Ile! Yakuti safi. Kaleta, kijino kimoja kimevunjika, jiwe linacheza. Nikamuuliza ya nani, kasema amana ya watu. Basi. Nimetia kijino, nimekaza jiwe, nimeosha, nimemfungia."

"Umeosha."

"Sasa?" Mansukh alionyesha beseni nyuma yake. Kokwa za ritha, sabuni ya masonara, zilikuwa zimelowekwa humo, maji yametoa povu la hudhurungi, na brashi ndogo imelala ukingoni. "Baba yangu alikuwa anaosha, babu yangu alikuwa anaosha. Pambo la mtu halitoki dukani kwangu chafu. Hiyo ni aibu. Ile pete ilikuwa na uchafu, Inspekta, sijapata kuona! Siku mbili nimeloweka. Nimesugua mpaka mkono unauma."

"Mansukh, uchafu ule ulikuwa na miaka mia tisa."

Mansukh alivua miwani yote miwili.

"Hakuniambia," alisema.

"Hakujua. Yeye alidhani unakaza jiwe tu."

"Ndiyo maana ulikuwa mgumu vile," Mansukh alisema kwa sauti ndogo, akakaa.

Talib alitaka kucheka, akakosa nguvu. Kwa hiyo pete ilikuwa ni ileile. Hapakuwa na wizi wala nakala, palikuwa na sonara mwenye adabu zake. Lakini Bi Hartley asingekubali neno la Mansukh peke yake. Angesema ni njama ya watu wa kwao.

"Maji uliyooshea ulimwaga wapi?"

Mansukh alimtazama kama aliyetukanwa. "Maji ya sonara yanamwagwa? Mna vumbi la dhahabu humo. Yanatulia, tunakusanya matope, mwisho wa mwaka tunachoma, tunatoa dhahabu yetu."

"Yote pamoja?"

"Ya maharusi pamoja. Ile pete, hapana. Nimeona msalaba umechongwa ndani, nikajua ni ya mtu aliyekufa zamani. Siwezi kuchanganya maji ya maiti na dhahabu ya maharusi." Aliinama chini ya kaunta, akatoka na gudulia la kioo lililokuwa la achari. Chini yake palikuwa pametulia matope meusi, kiasi cha kijiko kimoja, na juu ya matope hayo kulikuwa na uzi mfupi umejikunja. "Huo ulikuwa umenaswa kwenye kijino kilichovunjika. Nimeutoa kwa koleo."

Talib alilipeleka gudulia kwenye mwanga. Uzi ulikuwa wa sufu, na ulikuwa wa kijani.

Uzi hunaswa na kijino kilichokwisha kuvunjika, na hunaswa pale pete inapovutwa kutoka juu ya sufu. Mtu alikuwa ameivaa juu ya glavu, kama alivyoivaa Adalgari. Na Bi Mardhiya alikuwa anafuma glavu ya kijani ya mkono wa kushoto; ya kulia bila shaka alikuwa ameshaimaliza, na kuna mtu anayo.

"Simu yako inafanya kazi?" aliuliza.

*

Wahudumu wa hospitali nao walikuwa wamegoma. Walisimama langoni wakiota moto wa pipa, na mmoja wao alimwambia Talib angalie asiteleze, maana sakafu za ndani hazijapigwa deki. Jua hafifu la alasiri lilikuwa linaingia wodini kwa madirisha machafu.

Bi Hartley alikuja na kisanduku chake na uso wa mtu anayepotezewa muda. Bi Mardhiya alikuja na koti lake la kazini juu ya buibui, akakaa kiti cha mbali, macho chini. Profesa Douglas alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, lakini macho yalikuwa mazima kabisa. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa ndani ya glavu ya sufu ya kijani.

Talib alizungumza kwa ufupi. Aliweka gudulia juu ya meza ya kitanda na pete kando yake. Alieleza habari ya kijino, ya ritha, ya maji yasiyomwagwa.

"Mtaalamu wako ayapime hayo matope, Bi Hartley. Kama ni ya mwezi uliopita, nitakula gudulia lenyewe."

Bi Hartley alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo. "Ameisugua," alisema. "Mungu wangu! Ameisugua."

"Lakini haikuibwa."

"Hilo sijui bado." Alijinyoosha. "Nani aliivunja? Nani alimruhusu kuitoa? Huenda alikwenda kuiuza, sonara akamkatalia. Unaniambia mtu aliivaa juu ya glavu ya kijani. Glavu hizo anazifuma yeye. Anaweza kuwa yeye aliyeivaa."

Lilikuwa swali halali. Talib alimgeukia Bi Mardhiya. "Sema, mama'ngu. Mara moja tu."

Bi Mardhiya alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Muulize mwenyewe," alisema.

Basi Talib akamwuliza. Alivuta kiti karibu na kitanda, akasema kwa Kiingereza cha wazi, bila kupandisha sauti kama wanavyofanya watu kwa wagonjwa: "Profesa, huyu mama umempa siri. Kesho anakamatwa kwa ajili yake. Hataki kuisema mpaka umfungue."

Mzee alimtazama Talib, akamtazama Bi Hartley, kisha akamtazama Bi Mardhiya, na macho yakatulia hapo. Ndipo mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya blanketi, polepole, ukafika mezani, ukaishika pete.

Aliipeleka machoni. Aliona inavyong'aa. Talib alijiandaa kwa hasira au kilio, lakini upande mmoja wa uso ule uliinuka, na ilikuwa wazi kwamba anacheka.

Kisha akauinua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemnyanyua mtoto, akaulaza kifuani. Akaivika pete juu ya glavu ya kijani. Iliingia bila taabu, ikakaa mahali pake kama ilivyokusudiwa. Aliushika mkono ule kifundoni, akausogeza mpaka kwenye chuma cha kitanda, akaugonga. Mara moja, kwa nguvu, jiwe likalia kwenye chuma. Muuguzi aligeuka.

"Ni yeye aliyeivaa," Bi Hartley alisema. "Ni yeye aliyeivunja."

Mzee hakumwangalia. Aliivua pete, akainyoosha mbele, si kwa mtunzaji wa hazina bali kwa mwanamke aliyekaa mbali. Bi Mardhiya alitoka kitini. Aliipokea kwa mikono miwili, naye Profesa akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

Bi Mardhiya alifuta uso kwa ncha ya buibui lake. Alivuta kiti, akakiweka kando ya kitanda, akakaa wima, pete imo kiganjani.

"Haya," alisema. "Sasa niulizeni."